Milango ya Volkswagen na Waliojua Kuitundika

Ukitaka kujua kama gari la zamani limefufuliwa na fundi au limepakwa rangi tu, usiitazame rangi. Simama nyuma yake, chuchumaa mpaka jicho lako lilingane na taa, kisha tazama ubavuni kuelekea mbele. Mwanya kati ya mlango na bodi utakueleza mengi. Utauona mwembamba juu, na chini unapitisha kidole. Au ule ukanda wa kromu unaotoka ubavuni unafika mlangoni ukiwa umeshuka kidogo, halafu unapanda tena mbele. Wakati huo mwenye gari anakusimulia bei ya rangi. Mwache aseme.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nashika taa katika gereji moja ya Eneo la Viwandani, Nairobi. Kushika taa ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza ya kila kijana aliyeingia pale: unabeba balbu ndani ya kikapu chake cha waya, unamulika anapotazama fundi, na ukisinzia unachapwa shingoni kwa kitambaa cha grisi. Mafundi wa injini walikuwa mabwana. Wateja waliwapa mkono na kuwaulizia watoto wao. Fundi wa bodi alikaa nyuma ya jengo katika kibanda cha mabati, masikio yameshauawa na nyundo, na hakuna mteja aliyejua jina lake. Mimi nilitaka injini. Nilipelekwa kwenye bodi kwa sababu mikono yangu ilikuwa myembamba kiasi cha kuingia ndani ya mlango kupitia matundu madogo yaliyoachwa na kiwanda.

Mkuu wa kibanda alikuwa mzee Kalasinga tuliyemwita Babuji. Walikuwa wengi wa namna yake Nairobi ya siku zile, mafundi wa Kipunjabi ambao ukoo wao ulishika nyundo tangu siku za reli. Joginder Singh, mtu wa jamii hiyo, alikuwa ameshinda Safari Rally mara tatu, 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na Babuji alitukumbusha jambo hilo kila tulipoonyesha uchovu, kana kwamba sisi ndio tuliomchelewesha. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu.

"Wewe kijana, wacha mlango. Tazama chini."

Sentensi hiyo niliisikia mara nyingi kuliko salamu.

Magari tuliyoyanyoosha zaidi yalikuwa Volkswagen, zile za mgongo wa duara. Zilikuwa na historia yake katika nchi hizi. Safari ya kwanza kabisa, mwaka 1953, ilipoendeshwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, Volkswagen ndiyo iliyotangulia, ikarudia 1954, 1957 na 1962. Lakini nilipoingia gereji sifa hizo zilikuwa zimekwisha. Volkswagen ilikuwa gari la mwalimu mkuu, la muuguzi, la padri wa parokia ya mbali. Lilikuwa rahisi kununua na rahisi kudharau. Peugeot ndiyo iliyokuwa na heshima, kwani 404 ilikuwa imeshinda Safari mara nne katika miaka ya sitini, na mara mbili kati ya hizo, 1963 na 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mwenye 404 aliingia gereji akitembea polepole. Mwenye Volkswagen aliingia akiomba apunguziwe.

Na bado, kwa mtu wa bodi, Volkswagen ndiyo iliyokuwa shule. Bodi yake haikuunganishwa moja kwa moja na sakafu. Imekaa juu ya sakafu hiyo kwa safu ya bolti, na katikati pana ukanda wa mpira. Chini ya kila mlango inapita boriti ya bati iliyo wazi ndani, ambayo kazi yake ya pili ni kupitisha hewa moto kutoka kwenye injini iliyo nyuma mpaka miguuni mwa dereva. Nairobi watu waliifungua hewa hiyo Julai tu, na pwani hawakuigusa kabisa. Lakini maji hayakujali. Yaliingia humo, yakakaa, na kutu ikala boriti kutoka ndani wakati nje rangi bado inang'aa. Boriti ikishaoza, bodi hulegea katikati kama godoro linalobebwa na watu wawili. Nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma ya mlango zinainamiana juu. Mlango wenyewe hauna kosa lolote, haujapinda hata kidogo, lakini ndio unaokwama, na ndio mwenye gari anaoulalamikia.

Ndiyo maana ya "tazama chini".

Babuji hakuruhusu boriti ikatwe kabla ya kuchomelea mabomba ndani ya uwazi wa mlango, moja likiwa limelala na jingine la mshazari, ili bodi isikimbie. Kisha alipima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, akabadilisha pembe, akapima tena. Kama vipimo viwili havikulingana, siku hiyo hakuna kilichoendelea. Gari lilisimama kwa magurudumu yake juu ya saruji iliyo sawa, kamwe si juu ya jeki, kwa sababu bodi iliyoinuliwa upande mmoja hudanganya. Na milango ilitundikwa wakati boriti mpya bado imeshikwa kwa nukta chache tu za moto. Ukichomelea yote kwanza halafu ulete mlango, utakuwa umeshajifungia nje ya nyumba yako.

Skrubu za bawaba zilikuwa adui. Ni za kichwa cha msalaba, zimelala humo tangu kiwandani Wolfsburg, na fundi mwenye haraka aliziharibu vichwa kwa bisibisi ya kawaida, halafu akaanza kuzitoboa kwa keekee huku akitukana. Babuji alikuwa na bisibisi ya kupigwa nyundo, ambayo kila pigo huifanya izunguke kidogo. Alitia mafuta jioni, akapiga asubuhi. Zikishalegea, ajabu ya gari lile ilijitokeza: sahani yenye nyuzi iliyo ndani ya nguzo haijafungwa mahali pamoja, inacheza, kwa hiyo bawaba nzima unaweza kuipandisha, kuishusha, kuivuta nje au kuisukuma ndani. Kabla ya kucheza nayo, aliufungua mlango na kuuinua kwa kisigino cha mkono kwenye ncha ya nyuma. Ukiinuka hata kidogo, pini za bawaba zimelika, na kurekebisha kwingine kote ni bure. Pini zililika kwa sababu moja. Juu ya bawaba kulikuwa na kitundu cha kutilia mafuta, chenye kizibo kidogo, na katika nchi hii nzima nadhani ni mapadri tu waliokitumia.

Baada ya hapo kulikuwa na utaratibu, na Babuji aliushika kama sala. Mlango hutundikwa bila raba na bila kile chuma cha kwenye nguzo kinachopokea ulimi wa kitasa, ili uning'inie kwa bawaba zake peke yake. Kioo na mtambo wake hubaki ndani, maana uzito wake ndio utakaoushusha mlango kesho. Unaanza nyuma, kwa sababu ubavu wa nyuma ni sehemu ya bodi, hausogei, na asiyesogea ndiye wa kufuatwa. Unaulinganisha mwanya wa nyuma, kisha mstari wa ubavuni, kisha ndipo unauliza habari za mbele. Kwenye magari ambayo mlango wa mbele hupakana na madigadi yaliyofungwa kwa bolti, kama Peugeot, ni hivyo hivyo: mlango wa nyuma, mlango wa mbele, madigadi, na boneti la mwisho. Nimewaona watu wakianza na boneti kwa kuwa ndilo linaloonekana zaidi. Wanafika kwenye mlango wa nyuma wakiwa na kosa la magari manne limekusanyika mahali pamoja.

Kipimo chake kilikuwa vipande vya mbao ngumu alivyovichonga mwenyewe, vya unene mbalimbali, vimetungwa kwenye waya. Mlango usio na rangi aliuachia nafasi zaidi kidogo, kwa sababu rangi nayo ina unene, na inapakwa kwenye kingo mbili zinazotazamana. Kama juu ya mlango palitokeza nje na chini pameingia, aliweka kipande cha mbao kwenye pembe ya chini, akaegemeza goti, akaisukuma sehemu ya juu kuelekea ndani kwa nguvu mpaka chuma kikalia. Jambo hilo alilifanya mteja akiwa amekwenda kunywa chai. Siku hizi wapenzi wa magari ya kale hushtuka wakisikia, wanaamini kiwandani kila kitu kilikaa chenyewe. Viwandani nako kulikuwa na watu wenye magoti na vipande vya mbao mwishoni mwa mstari. Volkswagen walijisifia ukaguzi wao kuliko kitu kingine. Tangazo lao maarufu la 1960, lililotengenezwa na Doyle Dane Bernbach huko Marekani, lilihusu gari lililokataliwa kwa sababu ya doa kwenye ukanda wa kromu wa kijisanduku cha ndani. Lakini mkaguzi hukagua kilichokwisha kufanywa na mtu mwingine kwa mikono.

Pale mwanya ulipokuwa mpana na mlango hauna tena pa kwenda, hatukujaza puti. Ukingo uliongezwa chuma kwa gesi na waya, tone juu ya tone, kisha ukasawazishwa kwa tupa. Penye bonde alitumia mchanganyiko wa risasi na bati, akiulainisha kwa moto mdogo na kuusambaza kwa kibao kilichopakwa mafuta. Ilikuwa kazi nzuri kuitazama. Moshi wake tuliuvuta wote, na hakuna aliyetuambia kitu. Puti ilikuwepo, nayo Babuji aliitumia, ila kwa mikwaruzo ya katikati ya bati, si kwenye kingo. Ukingo wa puti hupasuka siku ya kwanza mtu mwenye hasira atakapoufunga mlango.

Kile chuma cha kupokea kitasa kilikuja mwisho kabisa. Kinafungwa kwa skrubu na kinasogezeka, na hapo ndipo wadanganyifu walipojulikana. Mlango ulioshuka unaweza kulazimishwa kupanda kwa kukipandisha kile chuma kidogo: ulimi unakidandia, mlango unanyanyuka, mwanya unaonekana sawa, mteja analipa. Kila mara mlango unapofungwa, bawaba na nguzo zinabeba deni hilo. Babuji alikuwa na njia yake ya kumnasa fundi wa namna hiyo. Alifungua mlango polepole akiwa amekodoa macho kwenye ncha ya nyuma. Ukianguka hata unene wa ukucha unapoachana na kile chuma, alirudisha gari na kusema maneno ya Kipunjabi ambayo sikuwahi kutafsiriwa.

Jaribio lake la mwisho lilikuwa la hewa. Volkswagen ilizibwa vizuri sana. Ukifunga vioo vyote kisha ukafunga mlango taratibu, hewa ya ndani inakosa pa kutokea, inausukuma mlango urudi. Ilibidi ushushe kioo kidole kimoja ndipo ufungike bila kelele. Kuanzia modeli ya 1971 kiwanda kiliweka matundu yenye umbo la mwezi mchanga nyuma ya vioo vya pembeni ili hewa ipite, lakini magari ya kabla ya hapo yaligoma kabisa. Sisi tulisubiri huko kugoma. Mlango usiogoma ulikuwa na mahali unapovuja. Kisha gari lilitumwa barabarani, na likirudi Babuji alifungua mlango na kusoma vumbi. Gari lililotoka Voi lilikuwa na maandishi mekundu kwenye kizingiti, na yeye alifuata mstari wa vumbi kwa kidole mpaka pale raba ilipoachana na bati. Hakuna maabara iliyotupa jibu bora zaidi ya barabara za vumbi.

Land Rover sitaizungumzia sana. Milango yake ya alumini juu ya fremu ya chuma iliachwa ijipange yenyewe, mvua iliingia na mwenyewe hakuona ajabu.

Sasa, kilichotokea baadaye hakikutokea siku moja. Magari ya mitumba kutoka Japani yalijaa miaka ya tisini, na kwa gari la namna hiyo mlango hautundikwi, unabadilishwa. Limegongwa? Unakwenda Kirinyaga Road, ile iliyoitwa Grogan, unanunua mlango mzima uliokatwa kwenye gari jingine, rangi ile ile ukibahatika, unafunga bolti na kuondoka. Si kosa la mtu. Kazi iliyohitaji wiki ilihitaji sasa mchana mmoja, na nani angelipa wiki? Gesi na risasi vilitoweka, puti ikabaki. Vijana waliojifunza miaka hiyo ni hodari wa msasa kuliko sisi, mikono yao inaona mawimbi ambayo sisi hatukuyaona, lakini wengi hawajawahi kulegeza bawaba.

Na Volkswagen zetu zilikwenda kwenye vyuma chakavu. Niliona boneti zikikatwa kuwa makarai na vipande vya majiko. Milango iliyokuwa mizima, bawaba zake zikiwa bado zina mafuta, ikawa ua wa kuku. Hakuna aliyeiona kama hasara. Wolfsburg waliacha kulitengeneza 1974, Ujerumani nzima 1978, na gari la mwisho kabisa lilitoka Puebla, Mexico, Julai 2003, baada ya zaidi ya milioni ishirini na moja. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi hivyo hakuna anayekihifadhi.

Leo mlango wa kiwandani usio na kutu unatafutwa kwa tochi. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mitumba lililozidi miaka minane, kwa hiyo kwa walio wengi gari la kale ni lile lililokuwa hapa hapa, chini ya mwembe wa mtu. Mabati mapya yanaagizwa, mengine mazuri, mengi membamba, na mashimo ya bolti ya madigadi yapo jirani tu na yanapotakiwa kuwa. Fedha zipo. Kila mwaka Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hufanyika maonyesho ya magari, Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, na magari yanayoletwa huko yananishangaza. Kuna yenye mianya iliyo sawa kuliko yalivyowahi kuwa siku yalipotoka kiwandani. Hapo nami natofautiana na waamuzi: Volkswagen ya 1960 yenye mwanya kama wa saa ya mkono imetengenezwa vizuri, lakini haikufufuliwa, imezaliwa upya katika familia nyingine. Afadhali hiyo, hata hivyo, kuliko zile zinazopakwa rangi kwanza.

Kwa maana hilo ndilo linalonisumbua. Mpangilio umegeuzwa. Mwenye gari analeta picha ya rangi anayoitaka kabla hajainua zulia. Bodi inapakwa, milango inapakwa peke yake kwenye stendi, inang'aa, inafunikwa blanketi, halafu ndipo inatundikwa kwa mara ya kwanza, na kila mtu anaogopa kuigusa. Nani ataegemeza goti kwenye rangi ya bei hiyo? Nani atatia moto ukingoni? Kinachobaki kusogezwa bila kuchubua kitu ni kile chuma cha kitasa.

Babuji alifariki miaka ya themanini. Vile vipande vya mbao kwenye waya sijui vilikwenda wapi. Gereji yenyewe sasa ni ghala la vigae. Hakuandika chochote, na sisi tuliokuwa tukishika taa tulikuwa tukiangalia saa, tukisubiri kuhamishiwa kwenye injini. Wachache wetu tulio hai huitwa mara moja moja kutoa ushauri, na mara nyingi tunaitwa tumechelewa.

Mwaka jana jirani yangu alinipeleka kuona Volkswagen yake ya 1967, kijani kibichi kilichokolea, viti vimeshonwa upya, kromu yote mpya. Mlango wa dereva ulikuwa umeshuka nyuma, ukanda wa kromu umevunjika pale unapovuka mwanya. Kijana wa gereji alikuwa ameshika bisibisi tayari. Nilimwomba asiguse kwanza kile chuma cha kitasa, alegeze bawaba, na kabla ya hapo tuinue zulia tuone boriti. Jirani alicheka.

"Mzee, maonyesho ni Jumapili. Boriti tutazitazama mwakani."

Kijana aliniangalia, akamwangalia anayelipa, akapandisha kile chuma kidogo. Jumatatu jirani alinipigia simu kunishukuru kwa kuja. Alisema gari limependwa sana, na kwamba ule mlango sasa hauna shida hata kidogo: unaweza kuinua vioo vyote juu na bado ukajifunga kwa kidole kimoja.